Vuli Isiyo na Mvua: Majira ya Kilimo katika Historia ya Dzaleka

Dzaleka, wilayani Dowa, takriban kilomita 40 kutoka Lilongwe, ilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa zama za Rais Kamuzu Banda. Mwaka 1994 ilifunguliwa kuwa kambi ya wakimbizi. Ilikusudiwa watu 10,000 hadi 12,000. Kufikia 2023 walikuwa zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili kikawa miongoni mwa lugha kuu za soko lake.

Watu hao walikuja pia na majira yao. Mkulima wa Kivu Kusini au Burundi huanza kupanda Septemba, kisha hupanda tena kuanzia Februari. Maneno ya Kiswahili Sanifu, vuli na masika, nayo yamesimama juu ya mgawanyo wa namna hiyo. Dowa ina msimu mmoja tu wa mvua, Novemba hadi Aprili, ambao Wachewa huuita dzinja. Septemba na Oktoba ni joto na vumbi. Kinachongojwa ni chizimalupsa, mvua ya mapema ya kuzima mioto ya nyika, ambayo aghalabu haitoshi kupandia mahindi.

Basi ukavu wa miezi hiyo ni kiangazi cha kawaida, na taarifa inayouita ukame humpotosha mshauri wa sera. Miezi ya njaa nchini Malawi huja baadaye, Desemba hadi Machi, mashamba yakiwa ya kijani na maghala matupu. Ukame halisi wa msimu wa 2023/24, ulioletwa na El Niño, uliyapiga mahindi ndani ya dzinja yenyewe. Tarehe 23 Machi 2024 Rais Lazarus Chakwera alitangaza hali ya maafa katika wilaya 23 kati ya 28.

Mkimbizi hupigwa na ukame huo sokoni kuliko shambani. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, mwezi Desemba 1987, iliweka masharti yaliyobana haki za mali, kazi na uhuru wa kutembea. Amri ya kurejea kambini ifikapo 15 Aprili 2023, na msako uliofuata Lilongwe mwezi Mei, viliwagusa hasa wafanyabiashara wadogo. Ni haki kuhoji ni kaya ngapi ziliingia katika ukame zikiwa tayari zimepoteza duka lililozinunulia unga.

Kiangazi hicho kina neema yake pia. Tamasha la Tumaini, lililoasisiwa mwaka 2014 na mshairi Mkongomani Trésor Nzengu Mpauni, mara nyingi hufanyika mwanzoni mwa Novemba, wageni wakija kutoka Lilongwe na kuacha fedha vibandani. Mvua zikishika, majirani Wachewa huingia shambani, na ganyu, yaani kibarua cha kulima, hutafutwa na mwenyeji na mkimbizi kwa ujira uleule mdogo.