Jivu, Mchanga na Chokaa: Siri ya Mng'ao wa Vyombo vya Kauri Pwani

Wahenga walisema, mfinyanzi hulia gae. Methali hii kwa kawaida hutajwa kumsikitikia fundi asiyefaidi kazi ya mikono yake, lakini katika mwambao wetu gae lina maana nyingine pia. Atakayetembea Unguja Ukuu, Shanga, Manda, Gedi au Kilwa Kisiwani, hasa baada ya mvua, ataviona vigae vimetapakaa ardhini. Vingi ni vyekundu au vyeusi, visivyong'aa, masalio ya vyungu vilivyofinyangwa papa hapa. Vichache vinang'aa kwa kijani, buluu au weupe, kana kwamba vimeoshwa jana. Mwaka 1955 mtaalamu wa mambo ya kale wa Uingereza, Mortimer Wheeler, alipozuru pwani ya Tanganyika, alisema kwamba historia ya nchi hiyo tangu karne ya 10 imeandikwa kwa kauri za Kichina. Kauli hiyo imekaririwa mara nyingi. Haikosi ukweli, lakini ina upungufu: inavihesabu vigae vinavyong'aa na kuvisahau visivyong'aa, navyo ndivyo vilivyo vingi zaidi. Makala haya yanakusudia kueleza mng'ao ule unatokana na nini, ulitufikiaje, na kwa nini wafinyanzi wetu, waliouona kwa karne nyingi, hawakuupaka kwenye vyungu vyao.

Mng'ao huo si rangi iliyopakwa juu ya chombo ikakauka. Ni utando wa kioo ulioyeyuka motoni ukashikamana na udongo. Asili ya kioo ni mchanga mweupe, yaani silika. Lakini silika peke yake haiyeyuki mpaka joto lifike kiasi cha nyuzi 1,700 za Selisiasi, joto ambalo hakuna tanuri la kale la mfinyanzi lililoweza kulifikia. Hivyo basi, fundi hulazimika kuuchanganya mchanga wake na kitu cha kuushawishi uyeyuke mapema. Kitu hicho tukiite kiyeyushi. Huhitajika pia udongo kidogo, wenye alumina, ili kioo kinapoyeyuka kiwe kizito, kisichuruzike chote hadi kwenye kitako cha chombo. Mambo ni hayo matatu: mchanga wa kufanya kioo, kiyeyushi cha kuuyeyusha, na udongo wa kuushika. Tofauti zote za vyombo vya Basra, Kashan na Zhejiang zimeanzia katika swali moja: kila nchi ilipata wapi kiyeyushi chake?

Watu wa Iraki walikipata katika mimea. Mito yao miwili inapita katika ardhi yenye chumvi, na juu ya ardhi hiyo humea vichaka ambavyo jivu lake limejaa magadi. Waarabu waliliita jivu hilo al-qali, na neno hilo ndilo lililozaa neno alkali linalotumika leo katika vitabu vya kemia duniani kote. Magadi ni kiyeyushi chenye nguvu. Mchanga uliochanganywa nayo huweza kuanza kuyeyuka kabla hata ya nyuzi 800. Isitoshe, shaba kidogo ikitiwa katika kioo cha magadi hutoa rangi ya feruzi, ya bahari iliyotulia juu ya mchanga mweupe. Mitungi mikubwa ya rangi hiyo ndiyo miongoni mwa vyombo vya mwanzo kabisa vya kung'aa kufika kwetu. Vigae vyake vimefukuliwa Unguja Ukuu, Manda na Shanga, katika tabaka za karne ya 8 hadi ya 10. Katika karne ya 9 mafundi wa Basra, wakitamani weupe wa bakuli za Kichina walizokuwa wakiziona bandarini, wakagundua kwamba bati likitiwa katika kioo hukitia ukungu mweupe na kuuficha udongo wa manjano uliomo ndani. Bakuli hizo nazo zilivuka bahari zikaja kwetu.

Uajemi ilitumia jivu hilohilo, na ilitumia risasi pia. Abu'l-Qasim wa Kashan, aliyezaliwa katika ukoo wa wafinyanzi, aliandika mwaka 1301 maelezo ya kazi ya jamaa zake: jinsi jiwe jeupe linavyosagwa, likachanganywa na jivu la mimea karibu sawa kwa sawa, likayeyushwa, kisha likasagwa tena kuwa unga wa kupakia vyombo. Ama risasi, huyeyuka upesi kuliko vyote na hutoa mng'ao laini. Bakuli za Kiajemi za karne ya 11 na ya 12, zilizochorwa kwa ncha kali kupitia udongo mweupe na kufunikwa kwa kioo cha risasi, zimeokotwa kwa wingi Manda na Kilwa. Ubaya wake ni sumu. Risasi isipochomwa sawasawa hutoka katika kioo ikaingia katika chakula, hasa chenye ndimu au siki.

Wachina walishika njia nyingine. Matanuri yao yalipanda hadi nyuzi 1,200 na zaidi, na katika joto hilo hawakuhitaji magadi wala risasi. Chokaa na jivu la kuni viliwatosha. Katika mji wa Jingdezhen mawe ya chokaa yalichomwa pamoja na majani ya kangaga, na jivu lililopatikana likachanganywa na unga wa mawe ya kauri. Udongo wao mweupe, kaolini, umepewa jina la kilima cha Gaoling kilicho karibu na mji huo. Katika matanuri ya Longquan, jimboni Zhejiang, chuma kidogo sana kilichomo ndani ya mchanganyiko kiligeuka kijani cha zumaridi pale tanuri liliponyimwa hewa. Bakuli za kijani hicho zilipendwa mno Kilwa na Gedi katika karne ya 14. Ilipokuja zamu ya kauri nyeupe zenye michoro ya buluu, madini ya buluu hiyo, yaani kobalti, hapo mwanzo yalitoka Uajemi. Basi sahani ya Kichina iliyofika Lamu huenda ilikuwa imebeba ndani yake jiwe lililokwisha kuvuka bahari mara moja kabla.

Sasa tulirudie swali letu. Je, sisi tulikosa nini? Mchanga mweupe tunao. Chokaa tumeichoma kutokana na matumbawe kwa zaidi ya miaka elfu moja. Jivu halijapata kukosekana katika jiko lolote. Kaolini ipo kwa wingi Pugu, karibu na Dar es Salaam, na magadi yamejaa katika maziwa ya bara, Magadi na Natron. Wapo waliojibu kwamba watu wa pwani hawakuujua moto wa kutosha. Jibu hilo halisimami. Tanuu la chokaa huhitaji kiasi cha nyuzi 900, na mhunzi anayeyeyusha chuma hupita 1,100. Tena mhunzi huyo alikuwa akitengeneza kioo bila ya kukitafuta: zile taka ziitwazo mavi ya chuma ni mchanga wa mawe ya chuma ulioyeyushwa hasa kwa msaada wa oksidi ya chuma chenyewe, na mirija ya udongo ya mivukuto yake hutoka motoni ikiwa na utando wa kung'aa mdomoni. Taka hizo zimepatikana katika magofu mengi ya mwambao. Watu hawa walikiona kioo kikizaliwa mbele ya macho yao.

Jibu linalotosheleza limo ndani ya chungu chenyewe. Wafinyanzi wetu, ambao wengi wao ni wanawake, huchoma vyombo uwanjani, kuni na makuti yakiwa yamevifunika, kwa muda mfupi. Chombo kilichopakwa kioo hakiwezi kuchomwa hivyo: majivu na makaa yatagandamana nacho, na vyombo vitashikana vyenyewe kwa vyenyewe. Pangehitajika tanuri la kuta, rafu, na kuni mara nyingi zaidi. Na faida yake ingekuwa nini? Chungu cha kupikia huwekwa juu ya mafiga, moto ukipiga upande mmoja; udongo wake wenye vinyweleo na chembe za mchanga hustahimili kupanuka na kunywea ambako kungepasua utando wa kioo. Mtungi wa maji nao hupoza maji kwa sababu hautiwi kioo: maji hupenya kidogo kidogo hadi nje, hukauka kwa upepo, na kukauka huko huondoa joto. Kuupaka mtungi mng'ao ni kuunyang'anya kazi yake. Mfinyanzi wa Pemba aliyeacha kufanya hivyo alijua alichokuwa akikifanya.

Hivyo nyumba ya Mswahili iligawanya kazi. Jikoni na kwenye maji kulikaa udongo wa hapa. Sebuleni, mezani na katika zidaka kulikaa mng'ao wa mbali, ulioonyesha kwamba mwenye nyumba ana jamaa na biashara ng'ambo ya bahari. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, alipotaka kuonyesha kuanguka kwa Pate, alizitaja zidaka zilizokuwa na sahani za thamani na jinsi zilivyogeuka kuwa makao ya ndege. Msomaji wake hakuhitaji kuelezwa zaidi. Utupu wa kidaka ulitosha.

Bakuli nyingine zilitolewa nyumbani zikapandikizwa katika majengo ya ibada na ya wafu: katika kuba la msikiti mdogo wa Kilwa Kisiwani, katika kaburi la mnara la Mambrui, katika makaburi ya Kunduchi. Hapo pana jambo linalostahili kufikiriwa. Kilichoishika bakuli ukutani ni chokaa ya matumbawe. Na kilichouyeyusha mng'ao wa bakuli hiyohiyo, huko China, ni chokaa pia. Fundi wa Longquan na mwashi wa Kilwa hawakuonana, lakini jiwe lao lilikuwa moja na moto wao ulikuwa wa namna moja.

Leo katika makaburi mengi bakuli hazipo. Zimeng'olewa, na katika chokaa yamebaki mashimo ya mviringo yanayoonyesha ukubwa wa kilichoibwa. Vigae vyekundu havina mwizi, lakini navyo hupotea vikichotwa pamoja na kifusi cha kujengea. Hasara zote mbili ni moja, kwani kigae kikishaondolewa mahali pake hakiwezi tena kutuambia kilikuwa cha nani, kilikuja lini, wala kilikaa jirani na nini. Udongo uwahi ungali maji, walisema wafinyanzi. Ulio katika magofu yetu umekwisha kukauka zamani. Uliobaki kuwahiwa ni ule tu ambao bado haujafukuliwa na wasiojua thamani yake.