Majina ya Bonde la Boyne

Mto Boyne si mto mkubwa. Urefu wake ni kama kilomita 112 tu, nao hauna maporomoko ya kutisha wala kina cha kupitisha majahazi makubwa. Unachimbuka kisimani katika jimbo la Kildare, ukapita taratibu kati ya malisho ya ng'ombe ya Meath, ukaingia baharini chini kidogo ya mji wa Drogheda, kaskazini ya Dublin. Msafiri mwenye siku mbili anaweza kuufuata tangu mlangoni mwake hadi karibu na chimbuko lake, na bado akapata wasaa wa kunywa chai njiani. Hata hivyo, katika Ayalandi nzima ni vigumu kutaja bonde lililoimbwa kuliko hili. Na mengi yaliyotokea kandokando yake yamefika kwetu kwa sababu walikuwapo washairi waliopewa kazi ya kuyakumbuka.

Jina lenyewe la mto lina kisa. Husimuliwa kwamba palikuwa na kisima kilichoitwa Segais, kimezungukwa na miti tisa ya kokwa. Kokwa zilipoanguka majini zililiwa na samaki aina ya samoni, na humo ndimo ilimokaa hekima yote ya ulimwengu. Hakuruhusiwa kukikaribia kisima hicho ila Nechtan, mwenyewe, pamoja na wanyweshaji wake watatu. Mkewe, Boann, alikataa kuzuiwa. Akakizunguka kisima kwa kwenda kinyume na mwendo wa jua, maji yakapanda kwa hasira, yakamvunja mguu, yakamng'oa mkono na jicho, kisha yakamfukuza mpaka baharini. Njia aliyokimbilia ndiyo mto, na mto ukachukua jina lake.

Visa vya namna hii vilikusanywa zama za kati katika maandiko yaitwayo Dindshenchas, yaani elimu ya mahali penye sifa. Sehemu yake ni nathari, na sehemu yake ni mashairi. Mshairi wa Kiairishi wa daraja la juu, aliyeitwa fili, hakuwa mtu wa kujiburudisha kwa maneno. Alisoma kwa miaka mingi, hadi kumi na miwili kwa wale waliofika mwisho, akahifadhi kwa moyo nasaba za wafalme, mipaka ya nchi na sababu ya kila kilima kuitwa kilivyoitwa. Msomaji aliyelelewa kwenye vina na mizani hatajiona mgeni kabisa mbele ya ushairi huo. Beti zake aghalabu zilikuwa za mishororo minne, silabi zikahesabiwa, mara nyingi saba katika kila mshororo, vina vikapangwa mwishoni na ndani pia, na kosa la hesabu lilikuwa aibu ya mtungaji na ya mwalimu wake. Tena fili aliogopwa. Utenzi wake wa kukashifu uliaminiwa kuwa unaweza kumtoa mfalme malengelenge usoni.

Ukitoka Drogheda na kuupanda mto, mahali pa mwanzo pa kusimama ni Oldbridge, na hapa inatosha kusimama kidogo tu. Tarehe 1 Julai 1690 kwa kalenda ya zamani, wafalme wawili walipigania taji moja kwenye vivuko vya hapa: William wa Orange akiwa na askari wapatao 36,000, na baba mkwe wake, James wa Pili, akiwa na pungufu ya hao. James alishindwa akakimbilia Ufaransa. Kwa Waprotestanti wa kaskazini siku hiyo imekuwa sikukuu ya ngoma na maandamano, inayoadhimishwa tarehe 12 Julai. Kwa Wakatoliki ilikuwa mlango wa karne nzima ya sheria za kuwanyima ardhi, elimu na vyeo. Mei 2007 Ian Paisley na Bertie Ahern, waliokuwa viongozi wa pande mbili zilizokwisha kuchoka, walikutana uwanjani hapo wakapeana mikono. Linalosahaulika mara kwa mara ni kwamba mabwana waliopoteza mashamba katika vita vya karne hiyo ndio waliokuwa wakiwalisha washairi. Bwana alipoondoka, shule ya ushairi ilifungwa, na aliyekuwa fili akageuka kibarua anayetunga usiku.

Kilomita chache mbele, mto unajipinda kama upinde, na ndani ya pindo hilo yamo makaburi makubwa matatu: Newgrange, Knowth na Dowth. Yalijengwa yapata mwaka 3200 K.K., karne kadhaa kabla ya piramidi kubwa za Misri. Newgrange ni tuta lenye upana wa mita 85 hivi, limezungushiwa mawe makubwa 97, mengine yamechongwa misokoto mithili ya makombe ya konokono. Ujia mwembamba wa mita 19 unaingia hadi chumba cha ndani, ambacho paa lake la mawe yaliyopangwa bila chokaa halijavuja tangu lilipojengwa. Mawe meupe ya mbele yaliletwa kutoka milima ya Wicklow, kusini ya Dublin. Ukuta mweupe unaoonekana leo, lakini, ni kazi ya wataalamu wa karne ya ishirini waliokisia namna ulivyosimama, na wako wanaoona kuwa walikisia kwa ujasiri kupita kiasi.

Wenyeji walikuwa wakisema tangu zamani kwamba jua huingia kaburini siku moja ya mwaka. Profesa Michael J. O'Kelly, aliyechimba hapo kuanzia 1962, aliyasikia maneno hayo. Alikuwa amekwisha kugundua kitundu cha ajabu juu ya mlango, kisichokuwa na kazi inayoeleweka. Alfajiri ya Desemba 21, 1967, majira ya siku fupi kuliko zote, alikaa peke yake gizani. Jua lilipochomoza ng'ambo ya mto, mwali mwembamba ulipita kituduni, ukatambaa juu ya sakafu ya ujia hadi chumba cha ndani, ukapanuka kidogo, na baada ya dakika kama kumi na saba ukakatika.

Washairi walikuwa na usemi wao kuhusu mahali hapa. Walisema jengo hilo ni kasri la Aengus, mwana wa Boann na Dagda, na kwamba Dagda alilisimamisha jua miezi tisa ili mimba na uzazi wa mtoto huyo vitimie ndani ya siku moja, mume wa Boann asitambue. Kuhusu tuta la jirani, Dowth, walisema kwamba mfalme aitwaye Bressal alitaka kujenga mnara wa kufika mbinguni. Dada yake akalizuia jua lisizame hadi kazi iishe. Mfalme akalala na dada yake, uchawi ukavunjika, giza likashuka. Jina la Dowth linahusishwa na neno la giza, na jirani yake palikuwa na mahali palipoitwa Kilima cha Dhambi.

Mwaka 2020 wanasayansi walichapisha matokeo ya uchunguzi wa vinasaba vya mtu aliyezikwa chumbani mwa Newgrange. Wazazi wake walikuwa ama ndugu wa tumbo moja ama mzazi na mwanawe. Magazeti yalifurahi mno, na si ajabu. Kisa cha Bressal kiliandikwa zama za kati, miaka elfu nne baada ya mtu huyo kufa, na ni vigumu kuamini kwamba habari ilipita vinywani muda wote huo, watu wakibadilika na lugha zikibadilika. Wataalamu wengine wamekwisha kuonya pia kwamba mtu mmoja hatoshi kuthibitisha ukoo wa wafalme. Yawezekana washairi waliyatazama matuta, wakaliona jua likicheza nayo, wakatunga kinachostahili. Hilo nalo si jambo dogo.

Kijiji cha Slane kiko juu kidogo. Hapo, mwaka 1887, alizaliwa Francis Ledwidge, mtoto wa nane katika watoto tisa wa kibarua wa shamba. Baba alifariki mtoto akiwa bado mdogo, mama akalima mashamba ya watu, naye Francis akaacha shule akiwa na miaka kama kumi na mitatu. Alifanya kazi ya kutengeneza barabara, akafanya kazi katika mgodi wa shaba akafukuzwa kwa kuongoza mgomo, na muda wote huo akitunga. Lord Dunsany, mwandishi na bwana mwenye kasri karibu na hapo, alimfungulia maktaba yake na kumsaidia kuchapisha.

Ledwidge alikuwa mzalendo aliyetaka Ayalandi ijitawale, ila Oktoba 1914 alijiandikisha katika jeshi la Uingereza, akapelekwa Gallipoli, kisha Serbia. Alikuwa angali askari wa mfalme pale Waingereza walipompiga risasi Thomas MacDonagh, Mei 1916, kwa sababu ya maasi ya Pasaka mjini Dublin. MacDonagh alikuwa mshairi na mwalimu. Alikuwa amefasiri kwa Kiingereza shairi la Kiairishi la Cathal Buí Mac Giolla Ghunna kuhusu ndege wa kinamasi aliyekufa kwa kiu. Ledwidge alimtungia maombolezo, akamtia ndege huyo ndani yake, na akauchukua pia mpangilio wa vina vya ndani wa Kiairishi akausikilizisha kwa Kiingereza. Shairi lililotungwa katika lugha moja likafasiriwa na mtu, mtu akauawa, na tafsiri yake ikawa sanda yake. Tarehe 31 Julai 1917, karibu na Ypres, Ledwidge alikuwa na wenzake wakitandika barabara, kazi ile ile aliyoifanya utotoni. Walipumzika kunywa chai, kombora likawaangukia. Nyumba yao ya mawe huko Slane sasa ni makumbusho.

Kilima cha Tara, makao ya kisimulizi ya wafalme wakuu, kiko kusini ya mji wa Navan. Asiyejua ataona majani na mifereji tu, pamoja na jiwe lililosimama, Lia Fáil, ambalo walisema hulia likikanyagwa na mfalme wa haki. Kati ya 1899 na 1902 kikundi cha watu kutoka Uingereza kilikichimba kilima hicho kikitafuta Sanduku la Agano, W. B. Yeats, Douglas Hyde na George Moore wakaandika gazetini kupinga. Karne ikapita, serikali ya Waairishi wenyewe ikaamua kupitisha barabara kuu ya M3 kati ya Tara na kilima cha Skryne. Mwaka 2008 Seamus Heaney, aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobeli, alisema hadharani kwamba ni unajisi. Barabara ilifunguliwa Juni 2010. Waliotaka kufika kazini mapema walikuwa na haki yao, na msongamano wa zamani haukuwa hadithi. Ila njia nyingine zilikuwapo, na bonde lile lilikuwa moja tu.

Mwaka 1836 John O'Donovan, mwanachuoni aliyetumwa na wapima ramani, alizunguka Meath akiwauliza wazee majina ya vilima na visima, kabla hayajaandikwa kwa tahajia ya Kiingereza. Njaa kuu ilikuja miaka tisa baadaye, na Kiairishi kikadidimia sehemu hizo. Kisha mwaka 1935 serikali ilizihamisha familia 27 kutoka pwani ya mawe ya Connemara, magharibi, zikapewa mashamba karibu na Athboy, mahali paitwapo Ráth Chairn. Baadhi ya majirani hawakuwapenda. Walisema wageni wamechukua ardhi yao. Iliwabidi wadai mpaka mwaka 1967 ndipo kijiji chao kikatambuliwa rasmi kuwa cha wasemao Kiairishi. Shule yao hufundisha kwa lugha hiyo. Mtoto wa hapo akitaka kuutaja mto wa bondeni, husema An Bhóinn, jina la yule mwanamke aliyekizunguka kisima.