Viunzi na maji: Taji lililoiponyoka Kenya

MBIO za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji kwa wanaume zilihesabiwa na Wakenya kuwa mali yao tangu Amos Biwott aliponyakua dhahabu jijini Mexico City mnamo 1968. Hadi Rio 2016, Kenya ilizoa dhahabu 11 mfululizo katika kila Olimpiki iliyoshiriki. Zile za 1976 na 1980 ilizisusia.

Mazoea hayo yalizaa ukali. Stephen Cherono alipohamia Qatar mwaka 2003 na kuitwa Saif Saaeed Shaheen, wengi walimwona msaliti, na Kenya ikakataa kumruhusu kukimbia Athens 2004. Huko Ezekiel Kemboi aliongoza Wakenya kutwaa medali zote tatu. Siku chache baadaye, Shaheen aliandikisha rekodi ya dunia ya dakika 7:53.63 jijini Brussels, na utamu wa ushindi ule ukapungua kidogo.

Rio, Kemboi alipokonywa shaba kwa kukanyaga nje ya mstari. Pigo lenyewe lilitua Tokyo mwaka 2021, Soufiane El Bakkali wa Morocco alipotwaa dhahabu. Bingwa mtetezi, Conseslus Kipruto, hakuwapo. Alikuwa ameshindwa kufuzu katika mchujo wa nyumbani. Benjamin Kigen aliambulia shaba. Paris 2024, El Bakkali alishinda tena, na Abraham Kibiwot akarejea na shaba nyingine.