Hesabu ya Kinyume Kando ya Mto Luvua: Roketi za OTRAG katika Shaba, 1977-1979

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kuhesabu kinyume kabla ya roketi kuruka si pambo la sherehe, bali ni utaratibu wa kuulizana. Na kwamba utaratibu huo ulipofika nchini mwetu, kuna watu ambao hawakuulizwa.

Desturi hii iliingia kwa njia ya sinema. Mwaka 1929, huko Ujerumani, Fritz Lang alionyesha katika filamu Frau im Mond hesabu inayoshuka hadi sifuri, ili watazamaji wajue injini itawaka lini. Wahandisi waliipa kazi nyingine: katika kila hatua, msimamizi wa matangi, wa vali au wa umeme hujibu kwamba yu tayari, asipokuwa tayari, hesabu husimama. Kurt Debus, aliyeshughulikia makombora ya V-2 kule Peenemünde, aliongoza kituo cha Kennedy nchini Marekani hadi 1974. Baadaye akawa mwenyekiti wa baraza la OTRAG, kampuni ya Kijerumani ya Lutz Kayser.

Serikali ya Zaire iliipa kampuni hiyo eneo la kilomita za mraba 100,000 hivi katika Shaba ya kaskazini, kwa mkataba uliokusudiwa kudumu hadi 2000. Kituo cha kurushia kilijengwa juu ya bonde la mto Luvua, zaidi ya kilomita 500 kusini ya Mudaka.

Roketi yenyewe ilikuwa fungu la mabomba yenye kipenyo cha sentimita 27. Haikuwa na pampu. Hewa iliyoshindiliwa ndiyo iliyosukuma mafuta ya taa na asidi ya nitriki. Ilipofika sifuri, motori ndogo za umeme zilifungua vali. Alkoholi ya furfurili ilitangulia, nayo huwaka yenyewe ikikutana na asidi. Mafuta ya taa yakafuata, yakaukuta moto tayari.

Roketi ya kwanza iliruka tarehe 17 Mei 1977, ya pili tarehe 20 Mei 1978. Ya tatu, mwezi Juni 1978, iliacha njia yake ikaanguka mbele ya Rais Mobutu. Mwaka 1979, baada ya malalamiko ya mataifa mengine, Zaire ilizifunga shughuli hizo.

Neno letu sifuri na zéro ya Kifaransa ni ndugu: yote mawili yametoka katika Kiarabu sifr. Kwa hiyo ugeni wa hesabu ile haukuwa katika lugha. Ulikuwa katika mamlaka. Fundi wa vali aliweza kuisimamisha. Mkulima wa Luvua, ambaye ardhi yake iliandikwa katika mkataba, hakuwa na nafasi ya kujibu kama yu tayari. Mwanahistoria anayetafiti Manono na aanze kwake.