Siku Iliyopotea Baharini

Siku yaweza kupotea kama shilingi mfukoni? Mimi nasema yaweza, na ushahidi ninao.

Septemba 1519 merikebu tano za Magellan ziling'oa nanga Hispania kuelekea magharibi. Magellan mwenyewe aliuawa Mactan, Ufilipino, mwaka 1521. Kufikia Julai 1522 iliyokuwa ikirudi ni moja tu, Victoria, chini ya Elcano. Njaa ikawasukuma hadi visiwa vya Cape Verde, mikononi mwa Wareno, mahasimu wao. Waliotumwa pwani kutafuta chakula wakauliza leo siku gani. Wakajibiwa: Alhamisi. Alhamisi? Mbona melini ni Jumatano!

Pigafetta, Mwitalia aliyeandika habari za safari, alishangaa. Daftari lake halikuruka siku. Kwa Mkatoliki wa zama zile si mchezo: mifungo na sikukuu vyote vilitegemea hesabu hiyo. Nani basi kakosea?

Kumbe hakuna. Aendaye magharibi hulifuata jua. Kila nyuzi 15, saa moja hurudi nyuma. Ukizunguka nyuzi zote 360, saa 24 zimekwenda. Wenzetu wale waliona machweo pungufu kwa moja, basi.

Hata leo meli ya watalii yaweza kushika saa yake na bandari ikawa na yake. Abiria akichanganya, huiona meli kwa mgongo. Nasi Waswahili, tunaohesabu saa tangu macheo, tunajua: usiulize saa ngapi tu, uliza pia saa ya nani.