Nguo isiyojua mkasi

Haipiti wiki magazeti yetu hayajatuambia kwamba fulani "ametia kibindoni" mamilioni. Mchezaji kauzwa, msanii kashinda tuzo, mfanyabiashara kapata zabuni: wote wametia kibindoni. Lakini kibindo ni nini? Ni ule mkunjo wa kiunoni ambao mwanamume aliyejifunga shuka huusokota, kisha humo ndani akaficha fedha zake. Suruali haina kibindo. Kila tunapoliandika neno hilo tunamtaja, bila kumkusudia, mtu aliyevaa kikoi.

Neno hilo limenikaa kichwani tangu Ramadhani iliyopita, nilipoingia duka dogo la Mji wa Kale, Mombasa, kumtafutia mjomba wangu nguo ya sikukuu. Mwenye duka, mzee wa Kishihiri, alinitandazia vitambaa viwili juu ya kaunta. Kimoja cha India, miraba myembamba ya buluu. Kingine saruni ya Indonesia, laini, inateleza mkononi kama samaki. Aliponiona bado nasitasita akainama, akatoa cha tatu kutoka mfuko uliofungwa vizuri. Kilikuwa kizito. Rangi yake damu ya mzee, pindoni taraza pana ya nyuzi za njano na kijani, na ncha zote mbili zina matamvua.

"Na hiki cha wapi, Ami?"

"Hii maawazi, mwanangu. Imefumwa Shihri, kule Yemen. Igeuze uitazame."

Nikaigeuza. Mshono hakuna. Pindo la cherehani hakuna. Ilivyotoka kwenye mtambo wa mfumaji ndivyo ilivyonifikia, haijaguswa na mkasi. Nikamwambia anifungie.

Nguo hii ya kujifunga kiunoni ina majina mengi kuliko bahari ilivyo na bandari. Katika Kiarabu cha vitabuni inaitwa izari. Oman, Kuwait na Bahrain wanasema wizari. Jizan, kusini mwa Saudia, ni masnafu. Kwenye pwani ya Yemen ni futa, na kusini na mashariki mwa nchi hiyo, kuanzia Abyan mpaka Hadhramaut, ni maawazi, neno ambalo Wasomali wamelichukua wakalifanya lao: macawis. Sisi tuna kikoi, msuli na saruni.

Majina mawili kati ya hayo yanasimulia jambo. Katika kamusi za zamani za Kiarabu, asili ya neno maawazi ni uhitaji. Lilimaanisha nguo iliyochakaa, ya kushindia, ya mtu asiye na kitu. Na kuhusu futa, mwanaisimu al-Azhari, aliyeishi karne ya 10, aliandika kwamba aliziona Kufa, mji wa Iraki: izari za michirizi walizonunua wachunga ngamia na watumishi, wakajifunga. Alikiri hajui kama neno lenyewe ni la Kiarabu. Kamusi nyingine zikaeleza kwamba nguo hizo zililetwa kutoka Sindi. Basi tangu mwanzo nguo hii ilikuwa ya watu wa chini, na tangu mwanzo ilikuwa ya safari. Wakubwa walikuwa na majoho yao.

Ila kuna mahali mkubwa na mdogo huvaa sawa. Mwanamume anayehirimia Makka huvua kila kilichoshonwa, akajifunga izari nyeupe kiunoni na kujitanda rida mabegani. Mfalme akihiji, naye hana kanzu wala vifungo. Na katika Hadithi ya Ummu Atiyya imepokewa kwamba binti yake Mtume alipofariki, Mtume aliwapa wanawake waliomwosha izari yake mwenyewe, akawaambia wamvishe iwe ndiyo inayougusa mwili wake. Sijui njia bora zaidi ya kueleza jinsi nguo hii ilivyo karibu na mtu: haina umbo lake yenyewe, hulipokea la mwili.

Yemen ilikuwa na sifa ya nguo kabla ya yote hayo. Buruda za Yemen, vitambaa vya michirizi, zilitajwa na Waarabu kama sisi tunavyoitaja hariri. Katika karne ya 9 na ya 10 wafumaji wa Sanaa walifunga na kupaka rangi nyuzi za mtande kabla ya kuzifuma, ili michirizi itoke na ncha kama za mishale. Vipande vya pamba hiyo vimehifadhiwa katika majumba ya makumbusho hadi leo, vingine vikiwa na maandishi ya Kufi.

Shahidi mzuri kuliko wote ni Ibn Battuta, yule msafiri wa Tangier, Moroko. Alipofika Mogadishu mwaka 1331, kadhi na wenzake walimletea mavazi ya heshima, na la kwanza kulitaja ni futa ya hariri ya kujifunga kiunoni mahali pa suruali, kwa kuwa, anasema, watu wa huko hawaijui suruali. Akateremka mpaka Mombasa na Kilwa, akarudi kaskazini hadi Dhofar, ambayo leo ni kusini mwa Oman. Huko nako akakuta mambo yale yale: watu wamejifunga futa za pamba iliyotoka India, na wengi wao wana moja kiunoni na nyingine mgongoni kwa sababu ya joto. Mtu wa Tangier, kwao kuna baridi na suruali, aliushangaa mwambao mzima wa bahari uliokubaliana juu ya vazi moja bila kuitisha mkutano.

Kama kuna mji wa kuitwa mama wa futa, mimi ningetaja miji miwili jirani ya Tihama, ile pwani kame ya Bahari ya Shamu: Bayt al-Faqih na Zabid. Bayt al-Faqih ulikuwa soko kubwa la kahawa. Carsten Niebuhr na wenzake wa msafara wa Mfalme wa Denmark walikaa hapo mwaka 1763. Kahawa ndiyo iliyoupa mji jina Ulaya, lakini wenyeji waliujua pia kwa wafumaji wake.

Mfumaji wa huko huketi ukingoni mwa shimo lililochimbwa sakafuni. Miguu yake imo ndani ya shimo, inakanyaga makanyagio mawili, moja likishuka nyuzi nusu za mtande zinapanda, jingine likishuka zinapanda zile nyingine. Mtande wenyewe umevutwa mbele yake, kazi nzima imeenea chumbani kama njia. Mkono wa kulia unatupa mshindio, wa kushoto unaupokea, kisha ubao unavutwa kubana uzi: ta! Mguu, mkono, ubao. Mguu, mkono, ubao. Taraza ndiyo inayokula siku, kwa sababu hapo rangi hubadilika na nyuzi lazima zihesabiwe. Akikosea uzi mmoja, kosa hilo mvaaji atatembea nalo miaka kumi.

Zabid kazi yao ilikuwa nili. Kitambaa kilichochovywa mara nyingi katika mitungi ya rangi kilikaushwa, kikatiwa rangi tena, halafu wanaume wawili wakakiponda kwa nyundo nzito za mbao mpaka kikang'aa kama kimepakwa mafuta. Watu wa milimani na majangwani, kuanzia Yemen hadi Dhofar, walikipenda kitambaa hicho na hawakujali kwamba rangi iliwaganda mwilini. Waliitaka. Waliamini nili inaukinga mwili na baridi, na picha za wasafiri wa miaka ya 1930 na 1940 zinawaonyesha wanaume wa Hadhramaut na Dhofar wamejifunga kipande kimoja cha buluu inayokaribia weusi, vifua vyao vikiwa na rangi ile ile ya nguo. Jenny Balfour-Paul, Mwingereza aliyeifuatilia nili katika nchi za Kiarabu, alipofika Zabid miaka ya 1980 alikuta karakana zimebaki chache mno.

Oman nayo ilikuwa na mashimo yake ya kufumia. Nguo za Maskati ndizo zilizovuka kuja kwetu kwa wingi, tena zikiwa na majina. Richard Burton, aliyesafiri kutoka Zanzibar hadi Ziwa Tanganyika kati ya 1857 na 1859, aliziorodhesha: debwani ya miraba midogo ya buluu na nyeupe, subaia ya michirizi, sohari yenye ukingo mpana mwekundu. Wapagazi walizibeba kwa mabunda hadi Unyamwezi, na hongo ya chifu haikukamilika bila moja ya hizo. Marekani, ile pamba nyeupe iliyoletwa na wafanyabiashara wa Salem baada ya mkataba wa 1833 na Sayyid Said, ilikuwa nguo ya kila mtu. Debwani ilikuwa nguo ya mtu mwenye jina. Tazama ilivyopanda cheo: vazi la mchunga ngamia wa Kufa limekuwa zawadi ya watawala.

Pamba hiyo ya Marekani iliwaumiza wafumaji wa Mogadishu, lakini haikuwamaliza. Walinunua uzi wa kiwandani na kuendelea kufuma, na Waitaliano walipokuja wakaikuta nguo yao ingali sokoni; wakaiita futa ya Benadir.

Pamoja na nguo walikuja watu. Shihri, ile bandari ya Hadhramaut, imetupa neno Mshihiri, na Washihiri ndio waliouza kahawa na kubeba maji na mizigo Mombasa na Unguja kwa vizazi. Ndugu zao wengine walielekea mashariki, Surabaya, Gresik, Pekalongan, wakafanya biashara ya vitambaa, na kila mwaka wakatuma nyumbani saruni za Java. Ndiyo maana leo Tarim, mji wa majumba ya udongo yaliyojengwa kwa fedha za Singapore na Java, utawaona wanaume wamevaa saruni za Indonesia kama nguo ya kwao. Na ni ya kwao. Wanafunzi wa Dar al-Mustafa, chuo cha dini cha mji huo, wanaotoka Jakarta, Lamu na Unguja hawahitaji kufundishwa namna ya kuifunga. Saruni ya Java, ni kweli, hushonwa mshono mmoja ikawa mviringo, na hata Yemen wapo wanaofanya hivyo na maawazi. Mshono huo haupimi kiuno cha mtu.

Mabaharia ndio walioitendea haki kuliko wote. Desemba 1938 Alan Villiers, nahodha kutoka Australia, alipanda jahazi la Kuwait huko Aden, chini ya nahodha Ali bin Nasser al-Najdi. Wakashuka na kaskazi hadi Mombasa na Zanzibar, wakaingia delta ya Rufiji kupakia boriti, wakarudi Ghuba na kusi. Picha alizopiga zinawaonyesha mabaharia wakivuta tanga wamejifunga wizari, pindo limepandishwa mapajani au limepitishwa katikati ya miguu, wamepiga winda. Usiku nguo hiyo hiyo ilikuwa shuka la kulalia. Ilikuwa taulo, kilemba cha mchana, mfuko wa tende.

Hata jeshi liliivaa. Askari wa Aden Protectorate Levies, kikosi kilichoundwa na Waingereza mwaka 1928, wamo pichani na bunduki begani, kilemba kichwani na futa ya kaki kiunoni.

Wazee wa Hadhramaut wana matumizi mengine ambayo nayapenda zaidi. Akiketi chini, mzee huizungusha nguo nyuma ya mgongo na mbele ya magoti aliyoyakunja, akaifunga. Mgongo unaegemea kitambaa, kitambaa kinashikwa na magoti, na mtu anaweza kukaa hivyo akisikiliza darsa saa mbili bila kuchoka. Inaitwa hubwa. Waarabu husema hubwa ndiyo kuta zao: asiye na ukuta wa kuegemea huubeba kiunoni.

Dola za Ghuba zilipojijenga zilichagua kanzu ndefu, dishidashi, kuwa sura ya taifa. Ofisini Maskati huwezi kwenda na wizari. Lakini wizari haikuondoka, ilijificha: imo chini ya dishidashi, na jioni mtu akirudi kwake hubaki nayo peke yake. Kwetu ni vivyo hivyo, kikoi chini ya kanzu. Yemen ilikataa kuificha. Lawdar, mji wa Abyan, umejijengea jina kwa maawazi zake, na bwana harusi wa Aden au Mukalla huichagua maawazi yake kwa uangalifu ule ule ambao mwengine huchagulia suti. Jina la nguo ya maskini limekwisha kuwa jina la nguo ya arusi.

Sasa viwanda vya mbali vinaiga taraza ya Shihri kwa nyuzi za bandia, na nakala huuzwa kwa bei ambayo mwenye shimo hawezi kuifikia. Vita vilivyoanza mwaka 2014 vimeifanya Tihama kuwa uwanja wa mapigano, na uzi, wateja na amani vimeadimika pamoja. Naogopa kwa ajili ya watu wale kuliko ninavyoogopa kwa ajili ya nguo. Nguo itapatikana, mguu unaojua ni uzi gani upande, huo hufa na mwenyewe. Sisi wa Afrika Mashariki tulishaonja woga wa aina hiyo kidogo: mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba jina la kikoi lisajiliwe kama alama yake ya biashara huko, na ilichukua hadi 2008, baada ya Wakenya na marafiki zao kupinga, ombi hilo kuangushwa.

Mjomba aliipokea zawadi yake usiku wa kuamkia Idi. Hakuuliza bei. Aliinusa kwanza, kisha akasimama, akaishika ncha mbili, akaizungusha, akavuta mkunjo wa kushoto mpaka ukakaza, akalaza wa kulia juu yake, akausokota kwa chini mara tatu, akapiga hatua mbili kuijaribu. Asubuhi alivaa kanzu juu, na njia nzima ya kwenda kuswali haikuonekana ila vidole viwili vya taraza chini ya kanzu. Baada ya chakula cha mchana akaivua kanzu, akaitundika, akajinyoosha barazani na maawazi yake, na upepo wa bahari ulipozidi akalivuta pindo moja akajifunika miguu.