HISTORIA KWA MAMA, SEHEMU YA 4: Kanisa la Mkunazini na nguzo zilizosimama kichwa chini

Nimetoka zamu, mtoto kalala, chai iko mezani. Tuendelee na historia yetu.

Likizo ya mwaka jana nilivuka na mwanangu wa darasa la tatu kwenda Unguja. Tukaingia Kanisa Kuu la Anglikana pale Mkunazini, Mji Mkongwe. Mtoto akasikiliza maelezo, akanishika mkono: "Mama, kweli hapa walikuwa wanauza na watoto?" Jamani, nilikosa jibu. Nimezoea maswali ya homa na chanjo, hili lilinishinda. Nikarudi Kwamndolwa, nikasoma, na leo nawapa jibu nililompa.

Ndiyo, waliuzwa watu wazima na watoto. Na sisi wa Handeni na Korogwe si wageni wa habari hii. Miaka ya 1830 njaa kubwa iliwapiga Wazigua. Wapo waliojiuza au kuweka watoto rehani ili wapate chakula. Wengi walipakiwa majahazini wakapelekwa Somalia, na hadi leo vizazi vyao wapo wanaoongea Kizigua. Kwa hiyo ukisikia "watumwa", usifikirie watu wa mbali.

Mwezi wa 6 mwaka 1873 Sultani Barghash, akibanwa na Waingereza, alisaini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Krismasi ya mwaka huohuo, jiwe la msingi la kanisa likawekwa palepale sokoni. Aliyesimamia ujenzi ni Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA, ndiyo hiyohiyo iliyokuja kwetu Magila, Muheza. Wengi wanamfahamu kwa kutafsiri Biblia kwa Kiswahili, lakini huyu mzee alikuwa pia na kichwa cha fundi.

Sikilizeni sasa habari ya paa. Nyumba za zamani za Unguja vyumba vyake ni vyembamba. Sababu ni kwamba dari lilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ina urefu wake. Ikiisha, chumba nacho kimeisha. Kanisa ni pana, boriti haifiki. Steere akasaga mawe ya matumbawe, akachanganya na saruji, akamwaga paa la mviringo kama pipa lililopasuliwa katikati. Hakuna mbao inayolibeba. Watu walisema litawaangukia. Mpaka leo lipo.

Madirisha na matao yake yamechongoka juu. Mtindo huo ulizaliwa Ufaransa karne ya 12, ukasambaa Ulaya nzima. Lakini humu ndani umechanganywa na nakshi za Kiarabu, kwa hiyo kanisa linafanana na Ulaya na Unguja kwa pamoja.

Kuna kitu kilimfurahisha sana mwanangu. Upande wa mlango zipo nguzo ndogo zimesimama kichwa chini, miguu juu. Inasimuliwa kwamba askofu alisafiri, mafundi wakazisimamisha hivyo, naye aliporudi akaziacha. Mama uliyewahi kumwachia fundi nyumba ukaenda msibani, unaelewa.

Ibada ya kwanza ilifanyika Krismasi ya 1877, ujenzi ukiwa bado unaendelea. Steere alifariki 1882, akazikwa nyuma ya altare. Mbele ya altare kuna duara la marumaru sakafuni: panaelezwa kuwa ndipo uliposimama mti ambao watumwa walifungwa na kuchapwa. Pembeni upo msalaba wa mbao zilizotoka kwenye mti wa Chitambo, Zambia, ulipozikwa moyo wa Livingstone.

Ila mama zangu, tusiwadanganye watoto kwamba soko lilipofungwa mambo yakaisha. Utumwa wenyewe ulikuja kufutwa kisheria Unguja mwaka 1897, na huku bara Tanganyika ni 1922. Kuna bibi zetu walizaliwa kabla ya hapo. Watoto waliokamatwa majahazini wakaachiwa huru, baadhi walilelewa na misheni: wavulana Kiungani, wasichana Mbweni. Wengine hawakujua hata jina la kijiji chao.

Basi nilimjibu mwanangu hivi: "Ndiyo, waliuzwa, na wengine walikuwa rika lako. Walikuwa na mama zao. Walionunua na waliouza walikuwa watu kama sisi, ndiyo maana tunakumbuka." Akanyamaza, halafu akauliza kama wale mama waliwapata watoto wao. Nikamwambia wengi hawakuwapata. Usiku ule alilala kwangu.

Ukienda na wako, msome naye mapema, usingoje mtu mwingine amweleze. Mshike mkono, umwache aulize, na usipojua mwambie hujui.

Wiki ijayo tunarudi nyumbani: Magila. Lala salama, na anayenyonyesha asisahau kunywa maji.